Sahani ya Mama Melini

Rafiki yangu Verlin si mtu wa kutunga mambo. Kwetu kisiwani Carriacou, kabla ya safari, marehemu wa nyumba huandaliwa sahani ya chakula, akaachwa ale peke yake. Siku ya kupanda meli ndogo ya matembezi, Verlin alichelewa, akaondoka bila kumwandalia marehemu mama yake.

"Mama atanielewa," alimwambia binamu yake Desra, aliyesafiri naye.

"Mama yako yule? Aliyemnunia kasisi kwa kunyimwa chai?"

Baharini kichefuchefu kikamshika Verlin. Mpishi akamwonea huruma, akamletea wali chumbani. Hakuweza kuula, akaufunika, akafunga mlango, wakasimama nje na Desra kupunga upepo. Jua lilipozama, taa zikazimika na injini ikanyamaza. Ndipo wakasikia, mle chumbani, kijiko kikikwaruza sahani taratibu.

Verlin akaingia gizani. Akapapasa sahani, haikuwa na kitu. Akapapasa kitanda, godoro limebonyea ukingoni kama mtu ameketi. Akakaa kando yake, akilia.

"Nisamehe, mama. Nilikusahau."

Godoro likabonyea tena, karibu naye zaidi.