Kizuizi cha Uwandani

Jua lilikuwa limeanza kulegea Fundi Mawimbi alipopanda juu ya paa la ofisi, amekumbatia kompyuta kama mzazi na kichanga. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mkewe, mpanda minara, alikuwa ng'ambo ya uwanda, juu kabisa ya mnara mpya, na kioo cha mkononi. Angekielekeza juani. Mume akiona mmweko, basi hakuna kitu katikati, na mawimbi ya simu yatapita vilevile. Kisha warudi nyumbani wakale.

Iliyoleta maneno ni kompyuta. Programu yake ilichora ardhi yote, mnara hadi mnara, na juu yake mstari mwekundu wa mawimbi. Katikati ya uwanda, mahali tambarare kama meza, ilionyesha kitu kimesimama.

Kirefu. Chembamba. Kimekata mstari.

Aliyekiweka humo ni fundi wa zamani, yule mzee aliyeacha kazi ghafla. Alimwambia Fundi Mawimbi, mrithi wake, auzungushe mstari kupitia kilimani, na kile kitu asikifute. Alipoulizwa sababu alisema tu kwamba kikiwa kwenye ramani, kinakaa kwenye ramani.

Fundi Mawimbi alicheka mpaka akakohoa. Alishakwenda uwandani kwa miguu yake, akaona nyasi fupi na mbuzi, basi. Na mwanamume mwenye cheti, ukimwambia kuna kitu asichokiona, ni kama umemtukania mama yake.

Mmweko ukaja. Mweupe, safi.

Mkewe akapiga simu kuuliza kama ameona. Akajibu kwamba njia ni nyeupe. Akaambiwa basi leo anapika yeye, maana aliyekaa na kompyuta hana mgongo wa kuuma. Akacheka. Huku anacheka, akakibofya kile kitu.

Akakifuta.

Upepo ukakatika. Kisha harufu... udongo mbichi, kama wa kaburi la asubuhi. Juu ya paa la zege.

"Umemtuma nani huku?" mkewe alinong'ona.

"Sijamtuma mtu."

"Kuna mtu ametoka uwandani. Yuko chini ya mnara. Mume wangu... amesimama chini, hajapanda. Mbona uso wake uko miguuni pangu?"

Akakirudisha kile kitu pale pale kilipokuwa. Programu ikakichora, lakini si uwandani.

Ikakichora mnarani.

"Panda juu," alisema.

"Nimeshafika juu."

Ikasikika pumzi. Ndefu, ya mtu aliyekuwa chini ya maji siku nyingi. Haikuwa ya mkewe. Kisha simu ikakatika.

Waliotumwa kumtafuta waliukuta mkanda wa mkewe wa kupandia kileleni, umefungwa kwenye chuma, vishikizo vyote vimebana. Mwenyewe hayumo. Bosi alisema ameanguka, wanyama wakamburuta. Wanyama gani? Wale mbuzi? Fundi wa zamani alipokea simu mara moja tu, akauliza, "Ulifuta?" Kisha akaizima, na mpaka leo haipatikani.

Mawimbi yanapita vizuri. Watu wanaongea na wapenzi wao, ingawa wako wanaolalamika kwamba nyuma ya sauti kuna mtu anahema.

Mama mkwe anadai mwili azike. Fundi hana cha kumpa. Kila jioni anafungua kompyuta na kuvuta mstari kutoka mnarani hadi chumbani kwake, na kila jioni vinaonekana vitu viwili njiani. Kimoja kirefu. Kingine kifupi, kama mtu aliyeinua mkono. Kuvifuta hathubutu. Kuhama alijaribu, mstari ulimfuata hadi kwenye chumba cha kupanga, na vile viwili juu yake.

Na vinamsogelea.

Jana jua lilikuwa limeshazama, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni, bila kujua avivulie nini. Ukutani mbele yake ukapiga mmweko.

Mweupe. Safi.