Kipande Kisichosogea

Nasima alifungua kompyuta adhuhuri, jua likiwa la utosi, akakuta kisu cha mashine kwenye mchoro kimesogea tena. Kilikuwa kimesogea upana wa kidole tu, kuelekea mdomo wa mashine, pale mlishaji anapotia jani la katani. Jana alikirudisha yeye mwenyewe. Karakana nzima ile ya Voi hapakuwa na mwingine aliyejua kuigusa programu ya michoro. Mumewe Mansur, fundi wa kuchomelea, hata kuizima hakujua, wala hilo halikumtia haya.

"Umegusa mchoro wangu?"

"Mimi? Naliogopa dude hilo kuliko ninavyomwogopa mamako," Mansur alijibu akicheka.

Nasima hakucheka. Mashine ile ya kukamua katani iliagizwa na kina mama wa Kasigau, na Mansur ndiye angekuwa wa kwanza kuilisha siku ya kuijaribu. Kisu kikikaa pale kilipotaka kukaa, mikono ya mumewe ingekwenda pamoja na jani.

Akakirudisha, akatoka kunywa maji. Aliporudi kilikuwa kimesogea, na mle ndani mlinuka katani iliyooza, ilhali hapakuwa na hata jani moja. Chini ya meza kitu kilikwaruza taratibu, kama chuma kinachozungushwa na mtu asiye na haraka. Hapo ndipo alipompigia simu Bi Salme, shangazi yake Mansur, anayetibu watu wenye majini.

Bi Salme alikuja, akaishia mlangoni. "Mwanangu, hapa pana mgeni. Mmeleta nini kisicho chenu?"

Nasima alishusha sauti. "Shafti, shangazi, ule mhimili wa chuma unaozungusha kisu cha mashine. Mansur aliitoa kwenye banda la katani lililohamwa, kule porini. Eti chuma cha zamani hakina mfano. Nikaipima, nikaanzia mchoro hapo."

"Ukaanzia vipi?"

Nasima akaeleza kwamba kipande cha kwanza hufungwa mahali pake, na vingine vyote hupangwa kwa kukifuata hicho. Ukitaka viwili vikutane, kilichofungwa hakitoki. Kingine ndicho kitakachokuja.

Bi Salme alijikaza mtandio. "Basi umemkalisha. Sasa sikiza. Usimfungue mpaka nirudi na chupa yangu na ubani. Jini akitolewa mahali hupewa mahali. Asipopewa, atajichagulia."

Akaondoka kuvifuata. Nasima alikaa mbele ya skrini akiomba dua, roho mkononi. Nje kidogo ya dirisha Mansur alikuwa ameinamia mashine aliyokuwa akiiunda, mkono mmoja ndani ya mdomo wake akipapasa kingo, na mashine ile isiyo na injini bado, isiyo hata na mkanda, ikaanza kuzunguka, kwanza polepole kama inayojinyoosha, halafu upesi, na kisu cha kwenye skrini kikasogea na kisu cha chuma kikasogea nacho, na Nasima akamwita mumewe lakini sauti haikutoka, na harufu ile ya uozo ikamjaa kooni, na mkono wake ukakimbilia kipanya cha kompyuta kabla hajakumbuka chupa wala ubani wala neno la shangazi, akaifungua shafti.

Kimya. Harufu ikaisha. Kwenye skrini vipande vyote vikalegea, vikaelea ovyo. Mansur akautoa mkono wake, mzima, bila hata mkwaruzo, naye Nasima akatoka mbio akilia kwa furaha.

"Toka hapo. Twende nyumbani." Akamshika mkono, akamvuta.

Mansur hakuja. Alisimama wima akimtazama, na macho yake tu ndiyo yaliyotikisika.

"Nasima," alinong'ona. "Usinivute."

Nasima alikuwa na hofu kupita kiasi, hakusikia la mtu. Akavuta kwa nguvu zake zote. Nyuma yake meza ya kompyuta ikakwaruza sakafu. Mtungi wa gesi ukafuata, kisha mlango, vyote vikimjia polepole Mansur, ambaye hakusogea hata unywele. Nasima akamwachilia mkono ili arudi nyuma, akahisi viatu vyake mwenyewe vikiteleza kwenda mbele.