Neno la Kwenye Kopo

Asubuhi hiyo jogoo hakuwika.

Emerensiana aliwasha moto, akatega sikio. Kimya. Hata vyura wa bondeni hawakusikika, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Alipotoka nje alimkuta jogoo wake ukingoni mwa shimo la ngolo, moja ya yale mashimo yanayochimbwa shambani kushika maji ya mvua. Mdomo wazi, miguu imenyooka. Juzi kuku wawili walifia hapo hapo.

Kutoka kwenye mibuni ilisikika sauti ya mumewe, Mansuetus, kama mtu anayeongoza litania kanisani.

"Danger! Poison! Keep away! Danger! Poison! Keep away!"

Emerensiana hakujua Kiingereza, lakini mwili ulimsisimka.

"Baba Pankras," aliita, "njoo uone. Jogoo naye amekwenda."

Mansuetus alikuja na daftari lake mkononi. Alimtazama jogoo, kisha akashusha sauti.

"Ni Walburga huyu. Kila alfajiri anapita hapa na mtungi wake, na kuku wanakufa. Kesho namleta mganga amtaje mbele ya watu kuwa ndiye mchawi."

Emerensiana aliingiwa na hofu kweli kweli. Bibi Walburga alikuwa mzee, akiishi peke yake ng'ambo ya bonde. Mwaka uliopita bibi mwingine alitajwa hivyo hivyo, na nyumba yake ikachomwa moto.

"Bibi wa watu ndiye aliyenizalisha Pankras," alisema. "Subiri kwanza."

"Nisubiri mpaka tufe sisi?"

Mchana alifika jirani yao, Mwalimu Eunice, mwenyeji wa Upareni aliyehamishiwa shule ya msingi ya hapo. Kila Jumamosi alimfundisha Mansuetus Kiingereza. Siku hizo biashara ya dawa ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye duka. Dawa za kahawa zilijaa madukani zikiwa na maandishi ya Kiingereza, na bwana shamba wa ushirika, aliyekuwa akiwaelekeza wakulima, hakuonekana tena. Mansuetus alikuwa ameapa kwamba hatababaishwa na maandishi. Alisimama, akayaimba maneno yake bila kupumua.

"Vizuri," alisema Eunice. "Maana yake nini?"

"Maana itakuja yenyewe, Mwalimu. Utotoni nilitumikia Misa kwa Kilatini. Sikuelewa hata neno moja, na padri alinisifu."

"Padri alikuwa anaelewa, baba. Hapa nani anaelewa?"

Eunice akachukua kikapu.

"Neno jipya, eleza maana yake kwa maneno rahisi. Kisha litungie sentensi, tena ya hapa nyumbani, jambo uliloliona kwa macho yako. A basket is a thing for carrying. Kikapu ni chombo cha kubebea. Haya, sentensi?"

"Emerensiana carries coffee in a basket."

Emerensiana alilisikia jina lake katikati ya lugha ngeni, akacheka.

"Sasa 'poison'," alisema Eunice. "Poison is a thing that can kill you. Ni sumu, kitu kinachoweza kukuua. Umelitoa wapi neno hili?"

"Kwenye kopo la dawa ya kahawa."

"Litungie sentensi. Ya hapa nyumbani."

Mansuetus alilitazama bomba lake la kupulizia dawa. Akalitazama shimo. Akamtazama jogoo.

"I wash poison here," alisema taratibu. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Naosha sumu hapa. Kila nikimaliza kupulizia, bomba naliosha kwenye shimo hili."

Maji ya shimoni yalikuwa yametulia, hayana hata mdudu. Mvua ikinyesha, yalifurika na kuteremka hadi chemchemi ya chini. Emerensiana na mumewe walichota maji misheni. Chemchemi ile ilibaki ya Bibi Walburga peke yake, aliyechota huko kila alfajiri.

Emerensiana alitazama ng'ambo. Hapakuwa na moshi.

"Leo Bibi hajapita," alisema.

Walikimbia wote watatu. Walimkuta ameketi kando ya mafiga yaliyopoa, mate yakimtoka, mikono ikitetemeka. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama punje za ulezi.

"Shikamoo, Bibi," Emerensiana alisema huku akilia.

"Marahaba," ilijibu sauti, kama inatoka chini ya ardhi.

"Mbebeni!" alisema Eunice. "Na lile kopo la dawa tulipitie nyumbani kwenu, daktari wa zahanati ajue ni sumu gani."

Mansuetus alimbeba mgongoni mwenyewe. Njia nzima hakuimba.

Bibi Walburga alilazwa siku tano, akapona. Chemchemi ilifungwa mpaka bwana afya aseme, naye akachotewa maji misheni na Emerensiana. Siku hizi Mansuetus huosha bomba mbali na maji na mbali na kuku, na kopo tupu la dawa halitumiwi tena jikoni. Kopo jipya halifunguliwi kabla hajasomewa na Mwalimu, neno kwa neno, maana na sentensi.

Jumamosi moja alimpelekea Bibi jogoo, akaungama yote, hata habari ya mganga. Bibi alimpokea jogoo, akamfunga kamba mguuni.

"Leo mmejifunza neno gani?" aliuliza.

"'Neighbour', Bibi. Ni mtu anayeishi karibu nawe."

"Na sentensi yake?"

"My neighbour is alive."

"Ndiyo kusema nini?"

"Jirani yangu yu hai."

"Irudie," alisema Bibi Walburga.

Akairudia, polepole, kwa sauti ya kawaida.