Nukta Tatu za Kinoo

Kila alasiri baada ya masomo, Kinoo hupitia dukani kwa shangazi yake kufuta vumbi kwenye viatu vilivyopangwa mlangoni. Ndivyo alivyolelewa: kwanza kazi, kisha chakula, kisha vitabu. Jina hilo, la jiwe la kunolea, alipewa na shangazi kwa ugumu wa kichwa chake. Akishaamua jambo, hata panga halifui dafu.

Siku hiyo alikuja na karatasi kubwa iliyokunjwa. Mwalimu wa hisabati alikuwa amewagawia wanafunzi kazi, wawili wawili, kwa ajili ya siku ya wazazi. Kinoo na mwenzake wa dawati, aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi, walitakiwa kuchora grafu ya bei ya fedha ya nchi jirani kwa miaka kumi. Kila mwaka ulikuwa na nukta mbili: bei ya mwezi mmoja kabla ya mwaka mpya wa shule, na bei ya siku shule zinapofunguliwa.

Bei walizitafuta katika magazeti ya zamani ya maktaba. Bahati mbaya, baadhi ya magazeti yalikuwa yamechanika, na nukta tatu za siku ya kufungua shule zikakosekana.

"Ziweke chini kidogo kama zile nyingine," Redio alisema. "Nani atakuja kuzipima?"

Kinoo alisita, kisha akaziweka.

Sasa shangazi alikunjua karatasi juu ya meza ya duka, akaifuata mistari kwa kidole.

"Ala! Kumbe shule zikifunguliwa, fedha yao hushuka kila mwaka! Nami nilitaka kubadilisha pesa zangu zote kesho, na umebaki mwezi mmoja tu zifunguliwe." Akachukua simu na kumpigia dereva wa lori ambaye husafiri naye kuvuka mpaka kununua viatu. "Keshokutwa nenda bila mimi. Nitanunua mzigo mwezi ujao."

"Mama Viatu, umeota?" sauti ya dereva ilisikika.

"Sijaota. Nimechorewa na mwanangu!"

Shangazi alicheka, lakini Kinoo alizitazama zile nukta tatu. Mtaji wote wa duka ulikuwa katika pesa zile. Fedha ya jirani ingepanda badala ya kushuka, shangazi angerudi na viatu vichache, na ada ya shule ilitoka kwenye viatu hivyohivyo. Akajificha nyuma ya maboksi, akafumba macho. "Ee Mungu, nipe kinywa cha kusema kweli kabla sijaogopa zaidi."

Akatoka. "Shangazi, nukta tatu nimezibuni."

Kicheko kikakatika. Shangazi akaketi kwenye kigoda cha kujaribia viatu. "Za kweli ziko wapi?"

"Sijui." Machozi yakaanza kumtoka.

"Futa uso. Machozi hayachori grafu. Nina kesho tu ya kuamua."

Kesho yake, kengele ya mwisho ilipolia, Kinoo alimshika Redio mkono, wakaenda moja kwa moja kwenye duka la kubadilishia fedha kuomba bei za ile miaka mitatu kwa ajili ya shangazi.

"Hapa si maktaba," dada wa dirishani aliwaambia. "Wateja wamejaa."

"Tutasubiri, dada."

"Wewe ndiye utasubiri," Redio alinong'ona. "Mimi njaa inaniuma."

"Nukta tulizibuni wote. Kaa."

Wakakaa kwenye benchi. Foleni ilipungua, ikajaa tena, ikapungua. Mwishowe yule dada alitikisa kichwa, akafungua kumbukumbu za zamani kwenye kompyuta. "Haya, king'ang'anizi, njoo."

Kinoo alianza kunakili haraka, dada akamzuia. "Hiyo ni bei tunayonunulia sisi. Shangazi yako anataka kuuziwa fedha ya jirani, basi soma safu ya kuuza."

Kinoo akafuta, akaanza upya kwa utulivu, kuanzia mwaka wa karibuni kurudi nyuma. Mwaka wa kwanza, bei ilikuwa imepanda. Mwaka wa pili, ilipanda sana. Mwaka wa tatu haukuwemo, kwani duka lenyewe lilikuwa halijafunguliwa.

"Bado mmoja," Redio alisema. "Mwalimu atatupunguzia alama."

"Atupunguzie. Hiyo nafasi naiacha tupu."

Walikimbia hadi dukani, wakaichora grafu upya. Shangazi aliifuata grafu mpya kwa kidole. Mistari miwili iliyoshuka jana sasa ilipanda juu, na mahali pamoja palikuwa wazi.

"Kwa hiyo fedha hii haina ahadi," alisema. Akampigia dereva. "Niwekee nafasi yangu. Nabadilisha nusu leo, nusu nitasubiri."

"Jana ulilala vibaya?" dereva aliuliza.

"Nimeamka vizuri!"

Akakata simu, akamgeukia Kinoo.

"Na bei ikishuka mwezi ujao, Shangazi? Utakuwa umepata hasara kwa ile nusu ya leo," Kinoo alisema.

"Ikishuka, sitamlaumu mtu. Kesho anaijua Mungu peke yake. Mimi naamua kwa yale yaliyokwisha kutokea, na jana nilikuwa naamua kwa yale ambayo hayakutokea kabisa." Akagusa ile nafasi iliyo wazi. "Usichokijua, mwanangu, kiache tupu. Mwenye kuona pengo atatembea kwa uangalifu. Ukilifunika kwa uongo, utamtumbukiza hata anayekupenda."

Kisha akatoa pochi, akafunga mlango wa duka, na wote watatu wakaelekea kubadilisha ile nusu kabla dirisha halijafungwa.