Shika Kumi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mlango wa nyuma wa ukumbi wa michezo ulifunguliwa. Aliyeufungua alikuwa mchora mistari. Nyuma yake alikuja mpwa wake wa miaka kumi na miwili, amekumbatia futi ndefu ya kupimia. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Ukumbi huo ulijengwa zamani kwa ajili ya ngumi tu. Sasa ulingo ulikuwa umevunjwa, safu nne za viti zimeng'olewa, na sakafu mpya ya mbao imetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Michezo mitatu ingechezwa hapo: mpira wa wavu ndani ya mistari ya buluu, kikapu ndani ya njano, pete ndani ya nyeupe. Wavu ulitangulia kuchorwa, kwa kuwa mistari mingine yote ingepimwa kutoka kwenye kona zake.

"Shika kumi," shangazi alisema.

Chiriku aliijua kazi hiyo. Ncha ya futi ilikuwa imechakaa na chuma chake kinachezacheza, hivyo shangazi hakuiamini sifuri yake. Chiriku aliweka alama ya sentimita kumi kwenye kona, na shangazi, kule mwisho, aliongeza sentimita kumi kwenye kila kipimo. Akitaka mita kumi na nane, alisoma kumi na nane na sentimita kumi.

Upana ulipimwa. Urefu wa kwanza ulipimwa. Kabla ya urefu wa pili, wachezaji wa wavu walichungulia dirishani. Nahodha wao alisoma darasa moja na Chiriku.

"We Chiriku, siku hizi rula inaanzia kumi?" aliuliza. "Darasa la pili ulipita au ulirushwa?"

Wenzake walicheka. Masikio ya Chiriku yalipata moto. Alijiuliza: shuleni ni sifuri, hapa ni kumi, nani mkweli? Akasogeza futi taratibu hadi sifuri. Kule mwisho, shangazi alisoma kumi na nane na sentimita kumi, akatia alama ya chaki.

Saa nne na nusu shangazi alipima mshazari, yaani kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Mita ishirini na sentimita kumi na mbili. Akapima mshazari wa pili. Ishirini na sentimita ishirini na moja. Vipimo hivyo vilipaswa kuwa sawa. Alirudia, vikatoka vilevile.

"Chiriku, pande zote umeshika kumi?"

"Ndiyo, shangazi."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Msimamizi wa ujenzi aliitwa. Alikuna kidevu, akazunguka alama za chaki mara mbili.

"Pande ziko sawa, mishazari haifanani. Basi umbo limelala upande. Ukuta tuliupima juzi, hauna shida." Akamnyooshea kidole seremala mzee aliyeitandaza sakafu, ambaye wote walimwita Babu Randa. "Ulizifuata mbao zake, mama. Mbao ndizo zimeenda kombo."

"Nilizipiga kwa uzi," Babu Randa alisema.

"Basi uzi wako ulisinzia, mzee. Ng'oa. Safu kumi na mbili, kuanzia pale ukutani."

Babu Randa alichukua mtaimbo, akapiga magoti. Alifumba jicho moja, akaufuata kwa jingine muungano wa mbao, kisha akabadilisha jicho. "Mimi naona zimenyooka," alinong'ona. "Labda ni macho. Labda nimezeeka kweli."

Kichwani mwa Chiriku hesabu ilizunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Sifuri ni sahihi. Sahihi inawezaje kuzaa kosa? Shangazi alisoma kumi na nane na kumi. Ukianzia kumi, unapata kumi na nane kamili. Ukianzia sifuri...

Ncha ya mtaimbo iligusa ubao.

"Babu, using'oe," Chiriku alisema. "Mbao hazina kosa. Upande wa mwisho nilishika sifuri. Na nilipoulizwa, nilisema uongo."

Shangazi aliokota futi, akamwashiria arudi kwenye kona. Alama ya chaki ilikuwa imepita mahali pake kwa sentimita kumi. Aliifuta, akaweka nyingine. Mishazari yote miwili ikatoa ishirini na sentimita kumi na mbili.

"Niwie radhi, mzee," msimamizi alisema.

"Kumbe uzi uko macho," Babu Randa alijibu, akaufuta mtaimbo wake.

Shangazi alimkalisha Chiriku kwenye debe la rangi.

"Kuanzia sifuri si kosa, mwanangu, na kuanzia kumi si kosa. Kosa ni wewe kuanzia kwako, mimi kwangu, halafu ukaniambia tumeanzia pamoja. Kicheko cha dirishani kimekaribia kuvunja sakafu na jina la mtu. Na mimi nina langu: niliuliza badala ya kupima upya."

Walipima upya pande zote nne, mara mbili kila upande. Kila mara Chiriku alitamka kwa sauti, "Nimeshika kumi," na nahodha pale dirishani alisikia.

Saa nane na robo mchana, mstari wa kwanza wa buluu ulipigwa.