Pua ya Diwani Fortino

Pua haikuwepo. Eleuterio Barragán, mchora vibonzo, aliigeuzia karatasi kwenye mwanga wa dirisha: pale alipoichora pua ya diwani Fortino Zárate, kubwa kama boga, palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe.

"Nani kagusa kazi yangu?" alifoka.

Hakuna aliyegusa. Fortino mwenyewe alikufa Machi, baada ya miaka kumi na miwili ya kuchorwa gazetini hadi watoto wa Puebla wakawa wanamfuata njiani wakijivuta pua. Sasa gazeti lilitaka kumtoa kama fuvu la kibonzo katika toleo la Siku ya Wafu, siku ambayo marehemu hurudi kuzuru nyumba zao. Eleuterio kumwonea marehemu huruma? Thubutu! Alikubali huku anacheka.

Mkewe, Chelo, aliingia na chokoleti, akaganda mbele ya meza ya marehemu wao. Kati ya mishumaa na maua ya manjano, ubavuni mwa picha ya mama yake mzazi, ilisimama picha ya Fortino.

"Mungu wangu! Umemweka huyu hapa?"

"Meza yangu imejaa, mama Ximena. Nilikuwa namtazama hapo nikichora."

"Anayewekwa hapa amealikwa, we mwanamume! Umemkaribisha nyumbani!"

Ndipo iliposikika harufu ya sigara za Fortino, na chumbani binti yao Ximena, wa miaka saba, akakohoa kikohozi kizito cha mzee.

Mganga waliyemwita mbio, doña Eufrosina, alimpitishia Ximena yai mwili mzima, akalivunja kwenye glasi. Lilikuwa jeusi.

"Anataka uso wake," alinong'ona. "Mchore alivyokuwa, bila kejeli, kabla kengele za adhuhuri hazijalia. La sivyo atachukua wa mtoto."

Eleuterio akaketi, jasho likimtiririka, akachora macho, akachora mdomo, akachora mashavu ambayo leo tu aliyaona kuwa ya mtu aliyechoka, huku akilia, "Nisamehe, bwana Fortino, nisamehe," na kikohozi kikipungua, kikipungua, na Chelo akianza kumshukuru Mungu, mpaka mkono ule, wenye mazoea ya miaka thelathini, ukafika puani ukaivimbisha. Kidogo tu.

Kengele zikalia.

Ximena akatokea mlangoni, amejifunika uso kwa viganja.

"Hata leo, Barragán?" alisema kwa sauti nzito.

Akateremsha viganja. Chelo, aliyekwisha kunyoosha mikono ampokee mwanawe, akarudi nyuma.