Siku Niliyofungua Rupia ya Bibi

Plastiki ilipasuka. Rupia ikalala juu ya taulo.

Niliiokota kwa ukingo, bila kugusa uso wake, nikaizungusha taratibu kati ya vidole.

Ukingo ulikuwa mzima. Hauna alama hata moja, mzunguko wote...



"Mke mwenzangu, nipe basi," bibi akasema kutoka kitandani. Kiganja chake kilikuwa wazi, kinasubiri.

Nikamtazama mume wangu. Joel alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha macho.

Wapendwa, hapo hapo nikajua. Ile haikuwa rupia ya bibi yangu.

Ngoja niwaeleze vizuri ili mnielewe.

Naitwa Penina. Nimelelewa Haneti na bibi yangu Anyesi, maana mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Bibi hakuwa na mali. Alikuwa na mbuzi wachache, na rupia moja ya fedha ya enzi za Mjerumani.

Baba yake aliipata alipokuwa mpagazi kwenye vita vyao. Alipozeeka akaichonga alama mbili ukingoni kwa tupa, akampa binti yake. Akamwambia, hata ukiwa gizani utaitambua.

Na giza likaja kweli. Presha ya macho ilimpofusha bibi nikiwa bado shule ya msingi. Tangu hapo alikuwa anaitoa kwenye kitambaa, anapitisha ukucha kwenye zile alama, anatabasamu peke yake.

Siku naolewa akanikabidhi.

"Mimi nimeishika vya kutosha," alisema. "Sasa shika wewe."

Joel ana duka la simu pale mjini Dodoma. Ni yeye aliyeniambia kuwa sarafu za namna ile zinapelekwa nje kwa wataalamu. Wanazikagua, wanazifungia kwenye plastiki ngumu yenye lebo na namba, hazifunguki tena.

"Haitachakaa, Mama Noeli," aliniambia. "Itakuwa urithi wa mtoto."

Nikampa kwa mikono yangu miwili.

Ilirudi inang'aa. Ukingo wote umekumbatiwa na plastiki, hauonekani. Nikaiweka kabatini, kila mgeni akija namwonyesha.

Mwaka huu bibi akaanguka. Shangazi Dorkasi, anayemuuguza, akanipigia simu.

"Penina, njoo. Mama anaulizia rupia yake. Anataka kuishika kabla hajaondoka."

Nikamwambia Joel.

"Mpelekee hivyo hivyo ilivyo," akasema.

"Haoni, Baba Noeli. Atashika plastiki?"

"Ukifungua thamani yake inakufa. Na utaikwaruza."

"Nitajifunza kufungua."

Nikajifunza kweli. Nilitazama video mpaka bando likaisha. Hutakiwi kupiga nyundo katikati. Unaifunga na taulo, unavaa miwani kwa sababu vipande vinaruka, unabana kona kwa koleo, kidogo kidogo, mpaka maungio yaachie. Ndipo unaitanua kwa bisibisi bapa, mbali kabisa na sarafu. Koleo nikaazima kwa fundi mmoja wa Kizota.

Njia nzima mpaka Haneti Joel hakutamka neno. Mwenzenu nikadhani anamwonea bibi huruma.

Basi, ndiyo nikawa nimesimama pale chumbani na kitu cha uongo mkononi, na mgonjwa amenyoosha kiganja.

Ningefanya nini?

Nikamwekea.

Bibi akaifunika kwa vidole. Akapitisha ukucha ukingoni. Akazungusha. Akarudia tena, polepole zaidi. Shangazi Dorkasi aliacha kukunja shuka.



"Ndiyo yenyewe," bibi akasema. "Asante, mke mwenzangu."

Nililia. Nilijiambia vidole vyake vimekufa ganzi, hatambui tena. Bora aondoke na furaha yake.

Kisha akasema, "Niachieni mume wetu kidogo. Nataka kuagana naye."

Tukatoka. Joel naye alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Amekuambia nini?"

"Ameniaga tu."

Bibi alifariki wiki hiyo hiyo.

Tuliporudi mjini baada ya msiba, nikamkalisha mume wangu.

"Joel, rupia ya bibi iko wapi?"

"Si ile uliyoifungua wewe mwenyewe?"

"Ile haina alama."

"Basi huenda walibadilisha huko ilikokwenda. Mimi nitajuaje?"

"Joel, niambie ukweli."

"Penina, bibi aliishika kwa mkono wake. Alisema ndiyo yenyewe, wote tukasikia. Wewe unaijua kuliko yeye?"

Jamani, hapo akaniweza.

Nikaanza kujishuku. Nikasema labda alama nilizikumbuka kitoto, labda zilifutika. Mwishowe nikamwomba msamaha kwa kumdhania vibaya. Akanisamehe. Akanikumbatia kabisa.

Tukaja kurudi Haneti kuweka msalaba kaburini. Joel alikuwa pembeni anakoroga saruji, shangazi Dorkasi akanishika mkono.

"Mumeo ameshakuambia?"

"Kuhusu nini, shangazi?"

Uso wake ukabadilika. Akatafuta pa kukaa.

"Mama alijua, Penina. Mlipoondoka tu aliniambia ile siyo. Nikamuuliza, sasa kwa nini umesema ndiyo? Akasema, nikisema siyo nitamvunjia mjukuu wangu ndoa kwa mdomo wangu, na mimi ndiyo hivyo naondoka, nani atamshika? Akasema amemwomba mumeo akuambie mwenyewe. Na mumeo akamuahidi. Alimshika mkono, akamuahidi."

Sauti ya beleshi la saruji ikakoma.

Nikageuka.

"Ulimuahidi?"

Joel alikaa chini, pale pale kwenye mchanga.

"Niliiuza," akasema. "Nje haikuwahi kwenda. Ile nyingine niliinunua mtandaoni ikiwa imeshafungiwa. Duka lilikuwa linakufa, Penina. Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Kila siku."

"Ukaniacha nikuombe msamaha?"

Shangazi alikuwa analia, mimi machozi hayakuja. Yalikuja baadaye, na mpaka leo hayajaisha.

Sikurudi naye mjini. Niko hapa Haneti na Noeli wangu, naishi na shangazi, tunajiandaa na msimu wa karanga.

Wengi mnaniambia inbox kwamba nimeua ndoa kwa sababu ya sarafu. Hapana. Angeuza akaniambia, ningepiga kelele, ningenuna, na nina hakika leo tungekuwa nyumba moja. Lakini bibi yangu alitumia pumzi zake za mwisho kumsitiri, ili apate nafasi ya kusema. Yeye akaichukua ile sitara akaigeuza kuwa shahidi wake. Shahidi aliyekwishazikwa, asiyeweza kukanusha.

Kama kuna mtu amekufichia aibu yako, usijenge humo. Amekupa muda tu. Utumie kwenda kusema, hata kama sauti inatetemeka.

Joel bado anapiga simu. Bado nampenda, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Naiangalia simu inaita mpaka inakata.